Shajara ya mradi: sonata ya Antonio José, sehemu zote nne

Januari, wiki ya kwanza

Mradi wa mwaka huu ni sonata ya gitaa ya Antonio José, mtunzi wa Burgos, Hispania, iliyoandikwa mwaka 1933. Ina sehemu nne: Allegro moderato, Minueto, Pavana triste na Final. Zikipigwa mfululizo huchukua dakika 20 na ushei. Nataka nizipige zote kwa kikao kimoja, mbele ya watu wachache sebuleni kwa mtu, kabla mwaka haujaisha, na kila msikilizaji apewe karatasi moja ya Kiswahili ya kumweleza anachokwenda kusikia. Karatasi nayo ni sehemu ya kazi. Hapa Dar wapenda gitaa wamejaa tele, ila sonata wengi wameisikia kwa jina tu.

Tayari nimeulizwa kwa nini si Turina. Swali la haki. Joaquín Turina, mtunzi wa Sevilla, alimtungia mpiga gitaa mashuhuri Andrés Segovia sonata yake, Opus 61 (yaani kazi yake ya 61), na Federico Moreno Torroba alimtungia Segovia huyo huyo Sonatina katika A meja. Zote mbili ni fupi kuliko hii na zinamteka msikilizaji tangu kodi za mwanzo (kodi ni nota kadhaa zinazolia pamoja). Ya Turina ni Andalusia tupu, kusini mwa Hispania: Sevilla, kucha zinazokwangua nyuzi zote kwa mpigo, na ngazi ya sauti ambayo wapenzi wa taarabu wakiisikia watasema hii ni hijazi. Hiyo ndiyo Hispania ambayo watu wanaitarajia gitaa linapotolewa kwenye mfuko wake.

Antonio José ni mtu wa kaskazini. Burgos iko Castilla, zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, mji wa mawe wenye kanisa kuu lililoanza kujengwa mwaka 1221. Wakastilia wenyewe hutania kwamba hali yao ya hewa ni miezi tisa ya baridi na mitatu ya jehanamu. Ngoma za huko zinakwenda na zumari liitwalo dulzaina na kigoma kidogo, na ipo hata ngoma yao ya duara, rueda, yenye mapigo matano badala ya matatu au manne. Hakuna mtu wa kupaza "olé". Nataka wageni wangu waisikie Hispania hiyo.

Januari, mwishoni

Nota zimefika. Ni toleo la wachapishaji Bèrben wa Italia, la mwaka 1990, lililohaririwa na Angelo Gilardino pamoja na Juan José Sáenz Gallego. Hesabu yenyewe inashangaza: kazi ya 1933, chapa ya 1990. Miaka 57.

Jina lake kamili lilikuwa Antonio José Martínez Palacios, alizaliwa Burgos tarehe 12 Desemba 1902. Aliamua kutumia majina mawili ya kwanza tu, na ndivyo anavyojulikana. Sonata aliiandika kwa ajili ya Regino Sainz de la Maza, mpiga gitaa mkubwa aliyezaliwa Burgos vilevile, yule ambaye mwaka 1940 alikuja kuwa wa kwanza kulipiga Concierto de Aranjuez, kazi ya gitaa na okestra ya Joaquín Rodrigo, kule Barcelona. Mwaka 1934 Regino aliipiga sehemu ya kwanza ya sonata mjini Burgos. Sehemu ya kwanza peke yake. Kisha ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Hispania, na nota zikakaa kimya miongo mitano.

Kwa hiyo mtunzi mwenyewe hakupata kuisikia kazi yake nzima ukumbini, na hilo linanitosha kama sababu ya kukataa kupiga kipande kimoja kimoja.

Jambo la kiufundi la kuandika mapema: Antonio José hakuwa mpiga gitaa. Alikuwa mtu wa piano na wa kwaya. Watunzi wa kale wa sonata za gitaa, kama Fernando Sor wa Barcelona, walikuwa na gitaa mikononi wakati wanaandika, na kidole hujikuta pale pale kinapotaka kwenda. Mambo yalibadilika miaka ya 1920, mtunzi Manuel de Falla alipoandika kipande chake cha gitaa cha kumkumbuka Debussy, mtunzi wa Ufaransa, mwaka 1920, na Segovia akawa anawafuata watunzi wasiopiga gitaa na kuwaomba kazi. Faida yake ni kwamba muziki ulitoka nje ya mazoea ya mkono. Gharama yake nimeshaiona kwenye ukurasa wa tatu: kidole cha shahada kibane nyuzi karibu zote, na hapo hapo kidole cha mwisho kiende mbali kushika nota ya juu isiyotakiwa kukatika.

Februari

Kazi yote ni Allegro moderato.

Sonata, kwa wale watakaoisoma karatasi yangu, inakwenda hivi: mtunzi anakuletea wazo la kwanza, halafu la pili lenye tabia tofauti, anayachukua na kuyavuruga, kuyapitisha njia za mbali, kisha anayarudisha, na kwa kuwa umeshasafiri nayo hayasikiki tena kama mwanzo. Antonio José anaufuata mpango huo bila hila. Hila zake ziko kwenye rangi.

Sehemu inaegemea E maina, yaani ngazi ya sauti yenye makao yake kwenye nota E. Kwa gitaa hilo ni chaguo la busara hata kama aliyelichagua si mpigaji: kati ya nyuzi sita zisizobanwa, nne (E ya chini, G, B na E ya juu) ni kodi ya E maina yenyewe. Sanduku zima linaitikia. Lakini hakai kwenye kodi hiyo kwa utulivu. Anairundikia nota ya saba na ya tisa, kuhesabu kutoka ile ya msingi, halafu anaisogeza kodi nzima pembeni, vidole vyote kwa umbo lile lile, kama walivyofanya Debussy na Mfaransa mwenzake Ravel kwenye piano. Mtu aliyelelewa na tenzi za kanisani, kama mimi, anasubiri kodi ile itulie nyumbani. Haitulii. Inageuka kuwa kitu kingine, na ukishazoea hutaki tena itulie.

Wazo la pili ni la kuimba. Hapo nimelifunika gitaa na kuimba kila sauti peke yake: ya juu, ya kati, besi. Nimeifanya kwa so-fa (do, re, mi), kama tulivyofundishwa kwaya. Nafikiri mtunzi angeielewa njia hiyo, maana tangu 1929 alikuwa akiongoza Orfeón Burgalés, kwaya ya mji wake. Sauti ya kati, ambayo kwenye karatasi inaonekana ni ya kujazia tu, ukiimba unagundua ina safari yake, inashuka hatua kwa hatua wakati ya juu imesimama. Nikirudi kwenye gitaa, kidole cha kati kinajua kwa nini kipo.

Mwendo: moderato aliandika mwenyewe. Rekodi kadhaa ninazozisikia zinaipeleka sehemu hii mbio, kana kwamba mpigaji ana basi la kuwahi. Ile mifululizo ya nota za haraka chini ya tuni inapendeza ikikimbizwa, kweli, lakini kodi za tisa hazipati nafasi ya kulia kabla hazijafutwa na zinazofuata. Mimi nitakwenda polepole kuliko wengi.

Machi

Masika. Unyevu wa Dar haumpendi mtu mwenye kucha za kupigia wala gitaa lenye uso wa mseda. Kucha zinalainika, sauti inakuwa ya pamba. Nimepunguza urefu wake na kuzisugua kwa msasa laini kila kabla ya zoezi. Gitaa linalala kwenye kasha lake, na kasha haliachwi wazi.

Kando ya hilo: nyuzi zangu ni za nailoni, kama za kila mtu leo. Mwaka 1933 hazikuwepo. Nyuzi tatu za juu zilikuwa za utumbo wa mnyama, na za besi zilikuwa hariri iliyozungushiwa waya. Nailoni ilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili. Utumbo ulikuwa na sauti ya chini kidogo, yenye mkwaruzo, na ulikatika hovyo. Sitafuti nyuzi za utumbo, Dar hii nitazilinda vipi? Ila ninapojaribu kupata sauti ya besi nikumbuke kwamba alichokuwa nacho kichwani hakikung'aa hivi.

Aprili

Minueto. Imeingia mkononi haraka, na sina mengi ya kuandika.

Ni dansi ya kale ya mapigo matatu, ya majumba ya Kifaransa, ila anayeicheza hapa amevaa nguo za karne ya 20. Ravel yumo: ile Sonatine yake ya piano, iliyokamilika 1905, nayo ina minueti katikati. Antonio José alikwenda Paris katikati ya miaka ya 1920 na alirudi na masikio mapya; hilo linasikika hapa kuliko mahali pengine popote. Kila mara unapodhani mlango unafungwa, anaufungua upande wa pili kwa kodi moja isiyotarajiwa. Ugumu ni kuweka pigo la kwanza bila kulikanyaga. Nimelicheza sebuleni kwa miguu, mlango ukiwa umefungwa.

Mei

Pavana triste.

Nitakaa hapa mwezi mzima, labda zaidi. Pavana ilikuwa dansi ya taratibu ya majumba ya karne ya 16, hatua za heshima, wawili wawili. Hispania ina pavana za nyuzi tangu kale: Luis Milán alichapisha sita za vihuela, chombo cha kale kinachofanana na gitaa, kule Valencia mwaka 1536. Halafu Ravel aliandika yake ya piano mwaka 1899, na baada ya hapo neno pavana kwa mtunzi yeyote kijana lilikuja na kivuli cha Ravel. Antonio José alipoweka mkono wake hapo alikuwa anajua anazungumza na nani, wale wa Valencia na yule wa Paris.

Kwenye karatasi ni rahisi. Nota chache, mwendo mdogo. Kazi iko kwenye kuziweka hai nota ndefu, kwa sababu gitaa si fidla: ukishaugusa uzi, sauti inaanza kufa pale pale. Tuni ndefu kwenye gitaa ni udanganyifu. Msikilizaji anashawishiwa aamini kwamba nota bado ipo wakati imekwisha nusu. Unafanya hivyo kwa kuhakikisha nota inayofuata inaanza na nguvu ile ile ambayo iliyotangulia imeishia, si ile iliyoanzia. Na kwa kuziweka kodi za chini nyuma, mbali kabisa, zisije zikaifunika. Kidole cha pete ndicho kinachobeba tuni, na ndicho kidole kivivu kuliko vyote. Nimekuwa nikipiga mazoezi ya kidole hicho peke yake, jioni, taa ikiwa imekatika au ikiwepo.

Mei, mwishoni: suala la karatasi

Mwenye sebule ameisoma rasimu ya kwanza. Alinipigia simu.

"Kaka, mbona umeficha?"

"Nimeficha nini, dada?"

"Kwamba walimpiga risasi. Ungeanza na hilo. Watu wote wangenyamaza kabla hujagusa uzi."

Hakika, wangenyamaza. Habari yenyewe ni hii. Julai 1936 wanajeshi waliasi dhidi ya Jamhuri, serikali halali ya Hispania, na Burgos iliangukia mikononi mwao mara moja. Agosti Antonio José alikamatwa. Tarehe 1 Oktoba Jenerali Franco, kiongozi wa waasi, alitangazwa mkuu wa dola huko huko Burgos, na mwezi huo huo mtunzi alitolewa gerezani pamoja na wafungwa wengine akauawa Estépar, nje ya mji. Alikuwa na miaka 33. Miezi miwili kabla, karibu na Granada, ilikuwa zamu ya mshairi Federico García Lorca, na dunia nzima inalijua jina la Lorca. Jina la huyu lilifutwa vizuri zaidi. Opera yake iliyotokana na kisa cha Don Quijote, El mozo de mulas, alikuwa hajamaliza kuiandikia okestra. Ilikuja kusikika Burgos mwaka 2017.

Yote hayo ni kweli na yote yamo kwenye karatasi. Mgogoro wetu ni wa mahali pa kuyaweka.

Nikianza na kifo, Pavana triste itasikika kama maziko. Hakuna namna ya kumzuia msikilizaji. Atakaa akisubiri kulia tangu Allegro, ataivumilia Minueto kwa kushangaa kwa nini inachezacheza, na ikifika Pavana atasema: naam, hapa. Na mimi nami, nisidanganye, mkono unalemewa. Nikiipiga Pavana huku nikimfikiria mtu anayesubiri risasi, mwendo unazama, kila nota inapewa uzito wa jiwe, na ile dansi inakufa. Hakuna anayeweza kutembea hatua za pavana kwa mwendo huo, angeanguka.

Mtu aliyeiandika alikuwa na miaka 30 na mambo yalikuwa yanamwendea vizuri. Mwaka uliotangulia, 1932, mkusanyo wake wa nyimbo za vijijini vya mkoa wa Burgos ulikuwa umeshinda Tuzo ya Taifa ya Muziki. Alikuwa na kwaya ya kuongoza. Alikuwa na mpiga gitaa mashuhuri wa kumwandikia. Huzuni ya Pavana ni huzuni ya kijana anayeimudu kazi yake na anayetaka kuonyesha kwamba anaweza kuandika polepole bila kuchosha. Vita hakuijua. Sisi ndio tunaoijua, na tukiipachika pale tunamnyang'anya mwaka wake mzuri baada ya wengine kumnyang'anya iliyobaki.

Nilimweleza dada hayo, kwa maneno mabaya kuliko haya, kwa kuwa salio lilikuwa linakata. Akasema, "Sawa, kaka, gitaa ni lako. Lakini sebule ni yangu, na mimi nikiulizwa nitasema." Tumeafikiana kwa muda: mstari mmoja wa kifo, uwe wa mwisho kabisa kwenye karatasi, upande wa nyuma.

Juni

Nimeipeleka Pavana mbele kidogo, karibu na hatua ya mtu anayetembea bila haraka. Inaonekana jambo dogo. Sasa tuni inapumua mahali sahihi, na sehemu ya katikati, ambapo hamonia inazidi kuwa nzito kisha inajiondoa, haihitaji tena msaada wangu. Nilikuwa nikipunguza mwendo pale ili kuwaonyesha watu kwamba ni pazuri. Panajionyesha penyewe.

Nimeongeza pia pumziko dogo kabla ya tuni kurudi. Halijaandikwa. Nitalitetea.

Julai

Kazi za ofisini. Vidole vimefanya ngazi na Allegro tu. Hakuna cha kuandika.

Agosti

Final. Baada ya miezi ya kunong'ona, mkono wa kulia umepata kazi ya nguvu.

Inafunguka kwa kodi kamili zinazokwanguliwa, kitu kilicho karibu na rasgueado, ule mkwanguo wa kucha wa Andalusia, halafu inaondoka mbio na haitaki kusimama. Ukisikia dakika ya kwanza tu utasema: haya, Andalusia imefika, hatimaye. Lakini kodi zenyewe ni zile zile za Paris na Castilla. Anachochukua kutoka kusini ni kiganja tu. Nadhani kuna utani ndani yake. Mnataka gitaa la Kihispania? Haya, hili hapa, na sasa sikilizeni ninalifanyia nini.

Anko amekuja wikiendi. Alipiga gita la ridhim kwenye bendi ya dansi miaka mingi na mkono wake wa kulia ni wa kuheshimiwa hadi leo. Alikaa kwenye kiti cha plastiki barazani akanisikiliza nikihangaika na ukurasa wa kwanza.

"Anko," akasema, "unapiga chini kwa nguvu, juu huna kitu."

"Nota zinasema mkazo uko chini."

"Nota haziwezi kukwambia mkono unarudije. Juu ndiko kunakobeba. Chini mtu yeyote anaangusha mkono, hata mwizi."

Akachukua gitaa, nyuzi za nailoni zikamkera kidogo ("laini hizi, kama tambi"), akaanza kupitisha kucha juu na chini bila kodi yoyote, nyuzi zimezibwa kwa kiganja cha kushoto. Mara Final ikawa na miguu. Nikajaribu vile vile: kuziba nyuzi, mkono wa kulia peke yake, mpaka kurudi juu kukawa sawa na kushuka. Kisha nikarudisha kodi. Mizani ikatulia bila metronomu, kile chombo cha kuhesabia mapigo, kubadilishwa hata kidogo.

Aliniuliza kama yule mtunzi alikuwa kiongozi wa bendi.

"Wa kwaya, anko."

"Ndiyo maana. Anajua saa ngapi watu wamechoka, anawapumzisha, halafu anawarudia."

Sijasoma uchambuzi wowote wa Final unaoeleza vizuri kuliko hapo. Katikati ya mbio zile kuna mahali pa kupumua, na kinachorudi hapo si kipya: ni mawazo ya Allegro moderato, yale ya Februari.

Septemba

Hilo la kurudi ndilo limechukua mwezi huu.

Kuifunga kazi kwa mawazo ya mwanzo ni njia ya zamani. Wafaransa waliipenda, na Sonatine ya Ravel nayo imefumwa hivyo. Tofauti ni kwamba hapa mawazo yale yanarudi ndani ya mazingira yenye fujo. Mara ya kwanza ulipoyasikia yalikuwa na nafasi, yalikuwa yanajitambulisha. Sasa yanapita katikati ya mkwaruzo wa kodi na nota zinazokimbia, na msikilizaji asiyekumbuka hatajua kwamba kuna kilichotokea.

Ndiyo maana nasisitiza zote nne. Anayepiga Final peke yake kwenye tamasha, na wapo, anampa msikilizaji jibu la swali ambalo halijaulizwa. Na yule Regino aliyepiga Allegro pekee mwaka 1934 aliuliza tu. Watu wa Burgos wa jioni ile waliondoka na robo ya kazi.

Kwa hiyo imenibidi nirudi Allegro. Nimeubadilisha uchaguzi wa vidole vya mkono wa kushoto kwenye wazo la kwanza ili lilie kwenye nyuzi zile zile litakaporudi katika Final. Gitaa lina nota moja mahali pengi: E ile ile ya juu unaipata wazi kwenye uzi wa kwanza, kwenye freti (kijiti cha chuma shingoni mwa gitaa) ya tano ya uzi wa pili, kwenye ya tisa ya uzi wa tatu, na kila mahali ina rangi yake. Nikilipiga wazo mwanzoni kwa rangi angavu na mwisho kwa rangi nzito, sikio halitalitambua. Mkono wa kushoto umelalamika sana. Umezoea.

Na mwendo pia. Kwa kuwa Allegro yangu ni ya polepole kuliko ya wengi, ile sehemu ya kupumua ndani ya Final nayo lazima ishuke hadi pale pale, nusu ya mbio zilizotangulia au chini yake. Kushuka ni rahisi. Kupanda tena bila kuonekana unabonyeza mafuta, hapo ndipo anko na kurudi kwake juu wanaponisaidia kila siku.

Kuhusu rekodi: nimemrudia mpiga gitaa Mwingereza Julian Bream, ambaye aliirekodi sonata miaka ya 1990 akiwa mzee wa kazi. Allegro yake ina mapumziko ambayo mtu wa mashindano angeyaona ni uvivu. Nimefarijika, ingawa Pavana yake siifuati.

Septemba, mwishoni: karatasi, rasimu ya sasa

Aya ya kwanza inamweleza mtu wa kaskazini, kwaya, nyimbo za vijijini, Paris. Ya pili inamwambia msikilizaji ashike mambo mawili tu katika Allegro: tuni ya kwanza, ile yenye wasiwasi, na ya pili, ile ya kuimba. Sikuweka E maina wala nota ya tisa, wanaojua watasikia. Minueto nimeipa sentensi moja. Kwenye Pavana nimeandika: "Ni dansi. Sikiliza miguu." Kwenye Final nimeandika kwamba watakutana na mtu waliyemwona mwanzoni, nao wamtambue wenyewe.

Nyuma ya karatasi, mstari mmoja: aliuawa Oktoba 1936.

Dada ameisoma tena. Kasema mstari ni mfupi mno kwa mtu kuuawa. Nimeongeza mahali na sababu: alikuwa upande wa Jamhuri, waliomuua walikuwa waasi wa kijeshi, Estépar. Hapo ana haki. Ufupi wangu ulikuwa unawasitiri wauaji.

Oktoba

Nimeipiga yote, mfululizo, anko na dada wakiwa wasikilizaji. Minueto ilipoisha anko alipiga makofi. Baada ya hapo tulikubaliana kwamba nitasema mwanzoni kuwa makofi yote yangojee mwisho. Kati ya Pavana na Final sitanyoosha mgongo wala kukaza nyuzi. Mkono wa kulia utapanda moja kwa moja kwenye kodi zile, wakati bado kuna mabaki ya Pavana hewani. Nimejaribu kwa kusubiri na kwa kutosubiri, na kutosubiri kunashinda mbali.

Dada alipendekeza tufanye mwezi huu, kwa kumbukumbu. Nimesema Desemba. Tarehe 12 alizaliwa, na mvua za vuli zitakuwa zimepungua, kucha zitakuwa na nafuu.

Kilichobaki: kukariri kurasa mbili za katikati ya Allegro ambazo bado nazisoma, kubadili nyuzi wiki moja kabla ili zikae, kuchapa karatasi, na kiti. Viti vya pale sebuleni vyote ni sofa. Nitabeba cha barazani, kile cha plastiki, maana kimo chake ndicho mkono uliojifunzia.